Mawazo yamenizidi, nianzie wapi? Kupunguza mzigo, ndugu, kikoba, dini na mshauri

Binti yangu wa miaka tisa ndiye aliyenishtua. Ilikuwa jioni, nimeinamia sufuria ya maharage jikoni, akasema, "Mama, chumvi umeshaweka. Umeweka mara mbili." Kisha akauliza, "Ulikuwa unaongea na nani?" Nilikuwa naongea na bosi, ambaye hakuwepo. Naongea na mwenye nyumba, naye hakuwepo. Na hesabu za mwezi zilizokataa kufunga. Maharage tuliyaongezea maji tukala, lakini usiku ule sikupata usingizi, wala uliofuata.

Mimi ni karani wa hesabu, naishi Chanika, pembezoni mwa jiji, na kazi iko Posta, katikati yake. Anayeijua Dar es Salaam ameshaelewa nusu ya habari: kuamka saa kumi alfajiri, kugombania daladala, kurudi saa mbili usiku watoto wameshasinzia kwenye kochi. Mama mkwe alikuwa amehamia kwetu baada ya kupata kiharusi. Baba watoto ni fundi umeme wa kazi za kutafuta, wiki hii ipo, wiki ijayo hakuna.

Kila niliyemgusia alinipa dawa yake. Mama mkubwa alisema nivumilie, ndoa na kazi ndivyo zilivyo. Shoga yangu akanipeleka mazoezini. Mchungaji akaniombea. Mwenzangu wa ofisini akasema nimwone mwanasaikolojia. Wote walinipenda, na sikuona baya katika ushauri wao. Ila hakuna hata mmoja aliyeniuliza mawazo yenyewe yalikuwa ya nini.

Kwa mwaka na nusu nimepita karibu njia hizo zote. Naziweka hapa pamoja nizipime, kwa ajili ya mtu aliye pale nilipokuwa mimi, anayeambiwa mambo kumi na hajui aanze na lipi.

Kabla ya kuchagua, pima mzigo

Chukua karatasi, piga mstari katikati. Kushoto andika yanayokuumiza ambayo kuna mtu anaweza kuyabadilisha, awe wewe, bosi, mume, mke au mwenye nyumba. Kulia andika yasiyobadilika kwa nguvu ya mtu: msiba, ugonjwa wa mzazi, umbali wa Chanika na Posta. Usiandike "maisha magumu". Andika "ada ya muhula wa pili", "napika peke yangu", "bosi anapiga simu saa nne usiku".

Yangu yalikuwa mambo kumi na moja, na saba yalikaa kushoto. Niliitazama ile karatasi muda mrefu. Miezi yote ile nilikuwa nadhani nina moyo mwepesi, kumbe nilikuwa nafanya kazi saa 58 kwa wiki.

Kwetu uvumilivu ni sifa kubwa, hasa kwa mwanamke, na mimi mwenyewe nimelelewa nao. Lakini ukimsifu mtu kwa kuvumilia jambo ambalo lingeweza kuondolewa kwa mazungumzo ya nusu saa, unamwongezea mzigo mwingine juu ya ule alionao. Kwa hiyo kushoto kukijaa kuliko kulia, anza na kupunguza. Kulia kukijaa, anza na watu wa kukusaidia kubeba. Na kama hata kalamu huna nguvu ya kuishika, ruka hadi sehemu ya hospitali hapo chini.

Kupunguza mzigo wa kazini

Njia hii haina gharama ya pesa, lakini inahitaji ujasiri kuliko zote, na inafaa pale tu chanzo ni kazi yenyewe. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuchakaa kwa mfanyakazi kuwa hali inayotokana na msongo wa kazini usioshughulikiwa. Dalili zake ni tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia au kujitenga na kazi, na kuona hufanyi lolote la maana. Halikuiita hali hiyo ugonjwa. Kama chanzo kiko ofisini, mazoezi ya kupumua yatakupoza jioni, kisha asubuhi utarudi kwenye moto ule ule.

Watu wengi hawajui sheria inasemaje. Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki. Saa za ziada ni kwa makubaliano, hazizidi 50 katika mzunguko wa wiki nne, na malipo yake ni mara moja na nusu ya kawaida. Ukifanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo una haki ya mapumziko ya saa moja, na kila wiki saa 24 za kupumzika. Anayesimamia wafanyakazi kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu yuko nje ya vifungu hivi vya muda, kwa hiyo meneja asije akavitegemea.

Piga hesabu yangu. Saa 58 ukitoa 45 zinabaki 13. Kwa wiki nne ni 52, mbili juu ya ukomo, na sikuwa nalipwa hata moja.

Sikwenda kwa bosi na vifungu. Nilinunua daftari dogo, mwezi mzima nikaandika saa ya kuingia, saa ya kutoka na nilichokuwa nafanya baada ya muda wa kazi. Nilipoomba nafasi ya kuzungumza nilimwambia, "Bosi, naomba uangalie hili daftari, halafu unishauri." Alifungua kurasa tatu nne, akanyamaza. Alikuwa hajui kwamba kufunga hesabu za mwezi kunamshika mtu mmoja siku sita. Sasa tunafunga wawili, na siku tatu za wiki natoka saa kumi na moja jioni. Malipo ya nyuma sikuyapata, na sikuyadai. Wapo watakaosema nilikosea. Mimi nilihitaji usingizi kwanza.

Kuna waajiri ambao daftari kama hilo litakutafutia ubaya. Unamjua wako, pima. Ikifika ukaachishwa kazi, mgogoro unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Migogoro mingine ni ndani ya siku 60. Watu hupoteza haki kwa kukaa nyumbani wakilia hadi siku zinapita.

Likizo nayo ichukue. Tanzania ni siku 28 mfululizo, Jumapili zikiwemo. Kenya, kwa sheria yao ya ajira ya 2007, ni siku 21 za kazi, kwa hiyo tofauti ni ndogo kuliko inavyoonekana kwenye karatasi. Nimewahi kumwona mwenzangu akijivunia kwamba hajaenda likizo miaka mitatu. Shinikizo la damu ndilo lililomkalisha mwishoni.

Kupunguza mzigo wa nyumbani

Huku hakuna sheria ya saa 45. Nilichofanya ni kumpa baba watoto karatasi yangu aisome, bila kulalamika, usiku tumeshakula. Nilitegemea ugomvi. Alisoma, akauliza, "Hii ya uji wa asubuhi, kwa nini isiwe yangu? Mimi si natoka saa mbili?" Kweli, hakuna aliyewahi kuniambia lazima niwe mimi. Nilikuwa nimejipa mwenyewe kwa sababu mama yangu alifanya hivyo.

Lililonigusa zaidi lilitoka kwa mama mkwe. Tulikuwa tunamketisha kwenye mkeka, tunamletea chakula, tunamwondolea vyombo, tukiamini tunamhudumia. Siku moja akaniita: "Mwanangu, mkono mmoja bado unafanya kazi. Niletee huo mchele nichambue." Nikamwekea ungo mapajani. Alichambua polepole kwa mkono wa kushoto, kokoto moja moja anaiweka pembeni ya mkeka, na jioni ile alikula vizuri kuliko wiki nzima. Naye alikuwa na mawazo yake: ya kuwa mzigo.

Kama nyumbani pana ugomvi mkubwa kuliko wa kugawana kazi, matunzo ya watoto au kupigwa, karatasi haitoshi na usiipeleke kwa mtu anayekutisha. Ofisi ya ustawi wa jamii ipo kwenye halmashauri yako. Maofisa wake husikiliza mashauri ya ndoa na ya matunzo ya watoto, na hawachukui ada ya wakili.

Ndugu, shoga na mama mkubwa

Faida ya mtu wa karibu ni kwamba yupo usiku wa manane na hana bili. Mficha uchi hazai, walisema wazee, na ni kweli kwamba jambo likishatamkwa hupungua uzito. Hasara ni mbili. Ya kwanza ni siri: ukimweleza wifi yako mambo ya mumeo, umeyaeleza kwa ukoo mzima. Ya pili ni ushauri wa haraka. Mtu anayekupenda anataka uache kulia sasa hivi, kwa hiyo anakupa jibu kabla hujamaliza swali.

Zimbabwe wameonyesha namna ya kuondoa hasara hiyo ya pili. Mwaka 2006 daktari wa afya ya akili Dixon Chibanda alianza na mabibi wa mtaa wa Mbare, Harare. Aliwafundisha kusikiliza, akawapa mabenchi nje ya zahanati. Washona, kabila kubwa la huko, wana neno *kufungisisa*, kufikiri kupita kiasi, na ni pacha wa "mawazo" yetu. Anayekuja huulizwa maswali 14, humwaga yote aliyonayo, kisha huchagua tatizo moja, moja tu, na hatua ndogo ya kulitatua kabla ya kurudi. Utafiti wa watu 573 uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita, waliokaa kwenye benchi walikuwa na dalili chache sana kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Nilipoisoma habari hiyo nilimfikiria mama mkubwa. Umri anao, huruma anayo, benchi analo hapo chini ya mwembe wake. Kilichokosekana ni swali, na lile la kuchagua moja. Siku hizi nikienda kwake naanza mimi: "Mama, leo nisikilize tu, ushauri nitauomba mwishoni." Ananisikiliza. Kwa hiyo mchague mtu wa karibu kama mzigo wako ni huzuni au upweke, na mwambie mapema unataka nini kwake. Usimchague kama yeye mwenyewe ni sehemu ya tatizo.

Kikoba

Kama mawazo yako ni pesa, hakuna maombi wala mazoezi yatakayokishinda kwa msaada kikoba, kile kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana. Mimi nilikuwa na mkopo wa kausha damu, ule wa kulipa kila siku, na kila simu ikiita moyo unaruka. Kikoba changu kilinikopesha nikaufunga wote siku moja, nikabaki na rejesho la kila mwezi ninaloliona mwisho wake. Usingizi ulirudi nusu yake wiki hiyo hiyo. Sijui dawa ya kunywa ambayo ingefanya hivyo.

Zaidi ya pesa, kuna kule kukaa na wanawake ishirini Jumapili alasiri na kugundua kwamba si wewe peke yako unayeficha barua ya shule. Ila usiweke moyo wako wote mezani. Kikoba kimejengwa kwa hisa na marejesho, na siku ukikwama, wale wale waliokuwa wakikupa pole watakuja kuulizia televisheni yako. Nimeshuhudia dada mmoja akihama mtaa kwa sababu hiyo. Kwa deni na ada, nenda. Kwa siri ya ndoa, hapana.

Wanaume wana kijiwe cha kahawa, na kinawapumzisha kweli. Lakini baba watoto ameniambia kwamba miaka yote aliyokaa pale hajamsikia hata mmoja akisema "silali". Wanazungumza Simba na Yanga.

Shekhe, padri, mchungaji

Wengi wetu huku ndiko tunakokimbilia kwanza, na sioni kosa. Mambo ya upande wa kulia wa karatasi, msiba, ugonjwa usio na tiba, mtoto aliyepotea, yanahitaji maana, na maana haipatikani kwenye daftari la saa za kazi. Swala tano, ibada ya Jumatano, kwaya, hivi vyote humpa mtu ratiba na watu. Mchungaji wangu alinitembelea mara mbili mama mkwe alipozidiwa, akakaa naye akimshika ule mkono usiofanya kazi. Hilo sitalisahau.

Angalia mambo mawili. Kiongozi anayekwambia uache dawa za hospitali, mwache yeye. Na anayekwambia mawazo yako ni upungufu wa imani, atakufanya uanze kuficha, na hapo utakuwa peke yako zaidi ya mwanzo.

Mazoezi, pumzi na usingizi

Nitapita haraka, kwa sababu huu ndio ushauri unaotolewa kila mahali. Unasaidia. Kutembea nusu saa, kuzima simu saa tatu usiku, kupumua polepole kwa tumbo ukiwa umekaa kwenye daladala, vyote vinaushusha mwili. Katika kambi ya Rhino kaskazini mwa Uganda, wanawake wakimbizi wa Sudan Kusini walikaa kwa vikundi wakisikiliza maelekezo ya kupambana na msongo yaliyorekodiwa, vikao vitano, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba walipata nafuu. Hawa ni watu ambao upande wao wa kulia ulikuwa vita. Kwa asiyeweza kubadilisha chochote leo, hapa ndipo pa kushika. Kwa mwenye saa 58, ni nyongeza ya kazi nyingine kwenye orodha. Mimi mazoezi yalinishinda wiki ya pili, nikajilaumu bure.

Mshauri na hospitali

Hii ndiyo njia tunayoiogopa. Ukitaja Mirembe kule Dodoma, Mathari Nairobi au Kidongo Chekundu Unguja, watu wanafikiria vichaa. Lakini idara za afya ya akili hupokea pia mtu anayekuja na miguu yake asubuhi na kurudi kazini mchana. Muhimbili wanayo, na hospitali nyingi za rufaa za mikoa zina kliniki yake.

Faida ni siri, na kwamba mtu yule amefundishwa kuuliza. Hasara ni foleni, siku ya kuomba ruhusa kazini, na kwa mshauri binafsi, pesa kila kikao. Piga simu uulize bei kabla, na uulize anapendekeza vikao vingapi. Msaada mzuri si lazima uwe wa miaka. Pembezoni mwa Nairobi, wahudumu wa afya ya jamii walifundishwa kutoa vikao vitano tu kwa wanawake waliokuwa na msongo, wengi wao wamepitia ukatili: kupumua polepole, kutatua tatizo moja moja, kurudia shughuli walizoziacha, na kujirudisha kwa watu. Wanawake 518 walishiriki, na matokeo ya mwaka 2017 yalionyesha kwamba waliopata vikao hivyo walipungukiwa na msongo kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Usiiache njia hii iwe ya mwisho kama huzuni, kukosa usingizi, kukosa hamu ya kula au ya jambo lolote vimepita wiki mbili mfululizo. Ichague ya kwanza. Vivyo hivyo kama umeanza kunywa pombe ili ulale, au kichwa na tumbo vinauma na vipimo havionyeshi kitu. Na kama umefikiria kujidhuru au kufa, usipime chochote, usipange siku: nenda leo, na usiende peke yako.

Mimi nilikwenda wiki ya tatu ya kutolala. Daktari alinipima presha, akaniuliza nalala saa ngapi, nakula nini, nani yuko nyumbani. Kisha akauliza lile swali nililokuwa nalisubiri kwa watu wote: "Haya mawazo, ni ya nini hasa?" Karatasi yenye mstari katikati ilitoka kwake. Nilirudi mara tatu ndani ya wiki sita, na dawa hakunipa.

Jambo dogo la mwisho, kwa sababu najua ndilo linalowarudisha watu getini. Pale mapokezi karani atakuuliza unaumwa nini, na nyuma yako kuna watu kumi wanasikiliza. Mimi sauti haikutoka. Nilitafuta kwenye mkoba nikapata risiti ya luku, nikaandika nyuma yake "silali, nahitaji kliniki ya afya ya akili", nikaisukuma chini ya kioo. Akaisoma, akanirudishia ikiwa imekunjwa, akasema taratibu, "Dada, nyoosha hapo, mlango wa tatu kushoto."